Mlingoti wa Redio Unaobebeka: Nimejaribu Mitatu Penrith

Wengi wetu tunaikumbuka Mei 12, 2024. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikadorora Afrika Mashariki, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Huku ughaibuni ujumbe wa WhatsApp ulibaki na tiki moja. Wenzangu wodini walizoea kuniuliza kwa nini nahangaika na redio ya ridhaa wakati simu ipo mfukoni. Wiki ile hakuna aliyeuliza.

Niseme mapema: redio hii haitampigia bibi simu. Ili uzungumze na mtu, naye lazima awe na redio na leseni. Lakini inakuwezesha kusikia upande wa nyumbani bila mnara wa kampuni, bila waya wa baharini na bila bando. Hapa Penrith, ambako Machi 2021 mto Nepean ulifurika baada ya bwawa la Warragamba kujaa na kumwagika, na ambako kiangazi cha 2019–20 Blue Mountains ilikuwa ikiungua, hilo si jambo la kuchezea. Kusikiliza hakuhitaji leseni. Kurusha mawimbi kunahitaji mtihani, na mtihani wa ngazi ya chini unawezekana hata kwa mwanafunzi wa sekondari.

Kupata redio si kazi. Kazi ni mlingoti, maana wengi tunaishi nyumba za kupanga na mwenye nyumba hataki kuona chuma juu ya paa lake. Inabidi uwe na kitu cha kusimamisha bustanini asubuhi na kurudisha kwenye buti la gari jioni.

Kwa masafa ya megahezi 14, antena rahisi ni waya wa mita 10 uliokatwa katikati na kuning'inizwa kama paa la nyumba: katikati juu ya mlingoti, ncha mbili zikishuka pembeni. Kadiri katikati inavyopanda, ndivyo wimbi linavyoondoka likiwa limelala kuelekea upeo wa macho, na wimbi la namna hiyo ndilo linalofika mbali. Ndiyo maana kila mwenye duka atakushauri ununue mlingoti mrefu kuliko yote. Mimi simshauri mtu hivyo.

Nilijaribu mitatu, yote ya faibaglasi, ile inayovutwa kipande kutoka ndani ya kipande. Wa kwanza ni fimbo ya mita 7 ya kuvulia ngisi, kutoka duka la vifaa vya uvuvi. Wapenzi wa redio wa Australia wamezitumia fimbo hizi miaka mingi. Kwenye mizani ya jikoni ilikuwa karibu kilo moja. Wa pili ulikuwa wa mita 10, mzito mara mbili. Wa tatu ulikuwa wa safari, mita 6, ukikunjwa haufiki sentimita 60. Fimbo za kaboni sikuzigusa. Ni nyepesi kweli, lakini kaboni hupitisha umeme na kuivuruga antena.

Kipimo changu ni Kenya. Mradi wa NCDXF na IARU una vituo 18 vya mwongozo duniani vinavyopokezana kwenye megahezi 14.100, kila kimoja sekunde 10, duru nzima dakika 3. Cha Kenya kinaitwa 5Z4B, na huingia mara tu baada ya cha Afrika Kusini, duru ikiwa imefika dakika 1 na sekunde 50. Kila kituo hutaja jina lake kwa alama za Morse, kisha hutoa milio minne mirefu: wa kwanza kwa wati 100, wa pili 10, wa tatu 1, wa mwisho sehemu moja tu ya kumi ya wati. Ukihesabu milio uliyosikia, umeshapima antena yako bila kununua kifaa chochote. Muhimu ni kubadilisha mlingoti haraka, mahali palepale, na kurudia siku kadhaa, kwa sababu anga hubadilika.

Saa kumi na moja jioni, Tench Reserve kando ya mto (Nairobi ni saa nne asubuhi majira yetu ya baridi), kwa mlingoti wa mita 6 niliupata mlio wa kwanza tu. Kwa mita 7, wa kwanza wazi na wa pili kwa kutega sikio. Kwa mita 10, yote miwili wazi. Wa tatu sikuusikia hata siku moja. Nairobi iko kama kilomita 12,000 kutoka hapa, na wati 10 ni chini ya taa nyingi za sebuleni. Mwanangu wa miaka tisa sasa huhesabu milio kabla yangu.

Halafu ukaja upepo wa magharibi, ule wa Agosti unaoshuka kutoka milimani. Mlingoti wa mita 10 ulidai kamba tatu, vigingi vitatu na mtu wa pili wa kuushika. Ule wa mita 7, nikiuvua kipande chembamba cha juu na kuufunga kwenye nguzo ya benchi kwa mikanda miwili, niliusimamisha peke yangu kwa dakika nane, nimetoka zamu ya usiku. Kwa hiyo wa mita 7 ndio unaokaa kwenye gari langu. Siku ya mafuriko huenda mtu wa pili asiwepo.

Viungo huteleza na mlingoti kujikunja wenyewe. Zungusha kila kipande kidogo unapokivuta, kisha weka tepu nyeusi ya umeme. Vaa glavu, hasa fimbo ikishazeeka kwa jua: nimeshatoa vibanzi vya kutosha kwenye viganja vya watu. Kaa mbali na nyaya za umeme angalau mara mbili ya urefu wa mlingoti. Faibaglasi haipitishi umeme, lakini waya wa antena unapitisha. Na ukisikia radi, hata ya mbali, shusha.

Ule wa mita 6 sijautupa. Ndio pekee unaoingia kwenye sanduku la likizo, na kwa mnazi mrefu wa kuuegemeza unapata mita za ziada bure. Ila kabla hujarusha neno lolote kutoka nyumbani, omba kibali: Tanzania ni TCRA, Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano. Anza miezi kabla ya safari.