Dawa Mpya, Damu ya Kwanza

Machi 13, 2006, katika Hospitali ya Northwick Park jijini London, vijana sita wazima wa afya waliingiziwa mshipani dawa iliyoitwa TGN1412. Hakuna binadamu aliyekuwa ameipokea kabla yao. Wenzao wawili walipewa kimiminika kisicho na dawa, ili walinganishwe. Baina ya kijana mmoja na anayefuata zilipita kama dakika kumi tu.

Muda si muda kichwa kikaanza kuuma, mgongo ukawaka, homa ikapanda. Aliyetangulia alipoanza kulalamika, wa mwisho alikuwa ameshadungwa. Kabla ya siku ya pili kwisha, wote sita walikuwa mahututi, figo na mapafu yakiyumba. Walipona, ingawa mmoja alipoteza vidole vya miguu na ncha za vidole vya mikono.

Kipimo chenyewe kilikuwa kidogo mno, sehemu moja kati ya 500 ya kile ambacho nyani walikistahimili. Lakini dawa hiyo iliamsha chembe za kinga kwa kushika protini iitwayo CD28, na baadhi ya chembe za kumbukumbu ambazo kwa binadamu zina protini hiyo, kwa nyani wale hazina. Nyani wakatulia, watu wakashambuliwa na kinga yao wenyewe.

Kitengo cha majaribio kiliendeshwa na kampuni binafsi, ila kilikuwa ndani ya hospitali kubwa, na idara ya wagonjwa mahututi ilikuwa humohumo. Nadhani hilo ndilo lililowaokoa. Ndiyo maana wataalamu husisitiza kwamba dawa zenye hatari kubwa zijaribiwe penye daktari wa zamu usiku kucha, maabara isiyofungwa na mashine za kupumulia.

Hata hivyo jengo peke yake halitoshi. Baada ya mkasa ule, utaratibu ukawa kwamba mtu wa kwanza apewe dawa peke yake, asubiriwe, ndipo wengine wafuate. Lakini Januari 2016 huko Rennes, Ufaransa, mshiriki mmoja wa jaribio jingine alipelekwa hospitali jioni, na asubuhi yake wenzake wakapewa dozi kama kawaida. Yule mtu alifariki. Kwangu, huo ulikuwa uzembe wa mawasiliano; umbali wa hospitali haukuwa na lawama.

Kwetu, mwaka 2012 mjini Bagamoyo, Taasisi ya Afya Ifakara iliwachoma Watanzania waliojitolea vimelea hai vya malaria, ikawafuatilia kwa karibu na kuwatibu. Majaribio kwa watu wanaojitolea yataongezeka. Ukiombwa kushiriki, kabla ya kutia sahihi uliza: nani ameshapewa dawa hii, mwenzangu akiugua mtaniambia lini, na nikizidiwa saa nane usiku nani atakuwepo?