Kazi ya Utawala Chuo Kikuu kwa Aliyevuka Miaka 45 (Sehemu ya Tatu)

Mtu wa miaka 48 aliyefanya kazi benki kwa miaka ishirini na ushee anasoma tangazo la nafasi ya Afisa Utawala katika chuo kikuu cha umma. Shahada inayotakiwa anayo, na uzoefu anao kuliko ulioombwa. Kisha anafika kwenye masharti ya jumla: waombaji wawe raia wa Tanzania wenye umri usiozidi miaka 45, isipokuwa wale walioko kazini serikalini. Wengi huishia hapo na kuamini kwamba vyuo vikuu vimewakataa. Sivyo. Sharti hilo linamzuia mtu wa aina moja, anayetaka kuingia kwa njia moja, na msomaji akilielewa vizuri atajua apeleke wapi nguvu zake.

Kwanza, sharti hilo si la chuo. Nafasi nyingi za vyuo vikuu vya umma hutangazwa na kusailiwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maneno hayo hujirudia katika tangazo la chuo kama yanavyojirudia katika tangazo la halmashauri au wakala wa Serikali. Hesabu yake iko hivi: mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na kwa lazima akifika 60. Ili mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, PSSSF, umlipe pensheni ya kila mwezi, awe amechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Toa 15 katika 60, inabaki 45. Anayeanza kuchangia akiwa na miaka 50 angefika mwisho bila pensheni ya kila mwezi, na aibu ingekuwa ya mwajiri kama ilivyo yake.

Hesabu hiyo naikubali kwa ajira ya kudumu. Kwa mkataba wa miaka mitatu siioni maana yake, na ningependa kuona vyuo vikipewa nafasi pana zaidi ya kuajiri watu wazima kwa mikataba. Tayari sheria imetambua kwamba umri si mzigo chuoni: maprofesa na wahadhiri waandamizi waliongezewa muda, wakawekewa 60 kwa hiari na 65 kwa lazima. Afisa anayewaandalia kumbukumbu za Seneti bado anaondoka akiwa na 60, mara nyingi pamoja na ujuzi ambao hakuna aliyewahi kuuandika popote.

Turudi kwenye maneno yale, “isipokuwa walioko kazini serikalini”. Hapo ndipo wengi wanapopita bila kutazama. Afisa Utumishi wa halmashauri, mtunza kumbukumbu wa mkoa, mhasibu wa hospitali ya rufaa au afisa ugavi wa wakala wa Serikali anaweza kwenda chuo kikuu akiwa na miaka 50. Njia yake ya kawaida ni uhamisho: mwajiri wa sasa amwachie, chuo kikubali kumpokea kwa kuwa kina nafasi katika ikama, na kibali kitoke Ofisi ya Rais, Utumishi. Siku hizi maombi hayo huanzia kwenye mfumo wa kielektroniki wa watumishi, ESS, ambao kila mtumishi ana akaunti yake. Kinachokwamisha ni ukosefu wa nafasi upande wa pili, kwa hiyo busara ni kuanza na chuo chenyewe, kuuliza idara ya rasilimali watu kama kada yako ina upungufu, ndipo uende kwa mwajiri wako.

Njia ya pili kwa mtumishi ni kuomba nafasi iliyotangazwa ya kada tofauti na yake, na barua yake ipite kwa mwajiri. Hapa tahadhari inahitajika. Daraja la II ni daraja la kuingilia. Mwalimu mwenye cheo cha juu anayejiunga kama Afisa Utawala Daraja la II anaweza kujikuta nyuma kwa muundo wa cheo, hata kama suala la mshahara litatafutiwa ufumbuzi. Aulize kwa maandishi kabla, maana baada ya kuripoti kituo kipya ni vigumu kurudi nyuma.

Na asiyekuwa serikalini? Huyo aelekeze macho vyuo vikuu binafsi, navyo si vichache: SAUT Mwanza, Tumaini Makumira kule Arusha, Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, Kairuki Dar es Salaam, na vingine vingi. Havipiti Sekretarieti ya Ajira. Hutangaza vyenyewe, na barua huelekezwa kwa Makamu Mkuu wa Chuo au idara yake ya utawala. Tena Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inataja umri miongoni mwa misingi ambayo mwajiri haruhusiwi kuitumia kubagua, na kuomba kazi kumo ndani ya ulinzi huo.

Lakini chuo binafsi huishi kwa ada. Wanafunzi wakipungua, mishahara huchelewa. Mwaka 2017 Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na mtu yeyote anayejua bajeti za vyuo anaelewa mwaka mmoja bila wanafunzi wa mwaka wa kwanza unafanya nini. Kwa hiyo mwombaji mwenye umri, ambaye hana muda wa kubahatisha, apeleleze: programu za chuo zina ithibati? Wafanyakazi wanalipwa tarehe ngapi? Michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, inapelekwa kila mwezi? Swali la mwisho awaulize wafanyakazi wenyewe, kwa kuwa taarifa ya michango yao huwaonyesha ukweli.

Sasa kazi yenyewe. Watu hudhani utawala wa chuo ni kukaa na mafaili. Mwaka wa chuo una mapigo yake, na kila pigo lina presha yake. Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, dirisha la udahili linafunguliwa, na ofisi hupokea wazazi ambao mtoto wao amechaguliwa vyuo viwili na hajui jinsi ya kuthibitisha kimoja. Wakishafika chuoni, kuna usajili, namba za malipo, vyumba vya hosteli visivyotosha. Kisha linakuja suala la Bodi ya Mikopo: bumu, yaani fedha za kujikimu, likichelewa, kuna kijana hajala tangu jana, na amesimama mlangoni kwako. Mwisho wa muhula ni mitihani, matokeo, sapu (mitihani ya marudio), na wale waliodisko, yaani walioondolewa masomoni, wanaotaka kukata rufaa. Nyuma ya yote kuna vikao vya idara, ndaki, Seneti na Baraza, na kila kimoja kinadai makabrasha yafike mapema na kumbukumbu ziandikwe kwa lugha isiyoyumba.

Hapo ndipo mtu mzima anapofaa. Aliyewahi kumtuliza mteja mwenye hasira dirishani benki atamtuliza mzazi. Aliyetunza daftari la wagonjwa kwa miaka kumi anajua kosa la tarakimu moja kwenye namba ya usajili linamgharimu mtu nini. Basi wasifu wako uyaseme hayo kwa ushahidi: ulihudumia watu wangapi kwa siku, ulisimamia bajeti ya kiasi gani, ulikuwa katibu wa kikao kipi. Orodha ya majukumu iliyonakiliwa kutoka barua ya ajira haimshawishi msaili yeyote.

Kuna jambo linalowapa wenye umri nafasi nzuri kuliko vijana. Kupitia mradi wa elimu ya juu wa HEET, uliopata mkopo wa Dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia mwaka 2021, vyuo vya umma vinajenga kampasi mikoani: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam Kagera na Lindi, Mzumbe kule Mkinga, Ardhi Sengerema, Muhimbili Kigoma. Majengo hayo yatahitaji watu wa ofisi, na mtumishi ambaye watoto wake wamekwisha kukua yuko tayari zaidi kuhamia Mkinga kuliko kijana anayetaka kubaki Dar es Salaam. Akiandika hivyo kwenye maombi ya uhamisho, ataeleweka.

Nyaraka ziandaliwe kabla ya tangazo. Sekretarieti haipokei hati za matokeo badala ya vyeti vya kidato cha nne na sita, na waliosoma nje lazima vyeti vyao vihakikiwe. Kwa watu wa umri wetu tatizo kubwa ni majina: cheti cha kuzaliwa kina jina moja, cha shule kina lingine, kitambulisho cha NIDA kina la ndoa. Kusawazisha hayo kisheria huchukua muda. Wadhamini watatu nao wawe watu wanaopokea simu. Bosi aliyestaafu akahamia shamba bila mtandao hatakusaidia.

Kabla ya kusaini popote, nenda PSSSF au NSSF uchukue taarifa ya michango yako, uhesabu miezi, na uulize maofisa iwapo muda wa mfuko wa zamani utajumlishwa na wa mpya. Ukibakiwa na miezi 20 kufikia 180, mshahara mdogo wenye michango ya uhakika unaweza kuwa bora kuliko mkubwa usio nayo.

Itaendelea wiki ijayo: usaili wa mchujo na wa ana kwa ana.