Si Kila Doa la Ubongo ni Saratani



Mwezi uliopita, baada ya swala ya Alasiri, alinijia mama mmoja akifuatana na mwanawe. Mkononi alishika bahasha ya picha za ubongo, alizopigwa kwa mashine ya MRI kwa sababu ya maumivu ya kichwa. Miadi ya daktari ilikuwa bado siku nne, lakini kijana alikwisha kuisoma ripoti, akakuta neno “uvimbe”.

“Sheikh, niandikie wasia wangu,” akasema mama.

Nikamjibu kuwa wasia ni jambo jema kwa Muislamu wakati wote, ila ripoti ile si hukumu ya kifo.

Enyi ndugu, doa katika picha ni sehemu isiyofanana na zinazoizunguka. Laweza kuwa kovu la zamani, kifuko cha maji, au uvimbe usio wa saratani. Mwaka 2007, watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, walitangaza matokeo ya picha za ubongo za watu 2000 wa kawaida. Asilimia 1.6 walikutwa na uvimbe usio wa saratani, nao hawakuwa na habari.

Mtaalamu wa kusoma picha huutambuaje? Hutazama mahali ulipo, kingo zake na kilichomo ndani. Kifuko cha maji kiitwacho araknoidi kina kingo laini, na maji yake huonekana sawa na yale ya asili yanayouzunguka ubongo. Meninjioma, ambayo huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, huota katika utando unaoufunika ubongo, si katika ubongo wenyewe. Mgonjwa akidungwa dawa ya kung'arisha picha, aghalabu uvimbe huo hung'aa kwa usawa. Kisha mtaalamu hulinganisha picha mpya na ya zamani, kwani kisichobadilika kwa miaka hutuliza moyo.

Hata hivyo, kutokuwa saratani si ruhusa ya kupuuza. Fuvu halitanuki, uvimbe mpole nao ukikua huubana ubongo. Akina mama, muulizeni daktari: Uko wapi? Una ukubwa gani? Nirudi lini kupigwa picha nyingine? Mwelezeni pia dawa zote za homoni mnazotumia, hata sindano za kupanga uzazi. Na likitokea tukio la kifafa, macho yakififia, upande mmoja ukilegea, au kichwa kikizidi kuuma pamoja na kutapika, msingoje miadi.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kutafuta tiba, na Kurani imetuelekeza kuwauliza wenye ujuzi. Kutawakali huja pamoja na kushika sababu.

Mama yule aliambiwa ana meninjioma ndogo, arudi baada ya miezi sita. Wasia tuliuandika vilevile, lakini safari hii mkono wake haukutetemeka.

Mwenyezi Mungu awape wagonjwa wetu shifaa. Amin.