Reli ya Kajiado Chumbani: Geji, Skeli na Nafasi

Mkaazi wa Kitengela anayetaka kujenga reli ndogo nyumbani anaishi kati ya reli mbili zisizofanana. Jirani yake, Athi River, inapita SGR iliyofunguliwa mwaka 2017. Kusini, mjini Kajiado, ipo reli ya zamani itokayo Konza kwenda Magadi, iliyojengwa katika muongo wa 1910 ili kubeba magadi ya ziwani. Kabla ya kununua mbao wala gundi, itambidi aamue anajenga ipi.

Maneno mawili yanahitaji kueleweka kwanza. Geji ni nafasi kati ya reli mbili za njia moja, ikipimwa ndani kwa ndani. Skeli ni uwiano wa kitu kidogo na kile halisi: skeli ya 1:87 ina maana kwamba sentimita 1 mezani inasimamia sentimita 87 za kweli.

SGR ina geji ya milimita 1,435. Ukigawa kwa 87 unapata milimita 16.5, na hiyo ndiyo geji ya reli ndogo zinazouzwa kwa wingi zaidi duniani. Kwa anayeichagua SGR, basi, hesabu imekwisha: anunue njia, injini na mabehewa ya 1:87, abaki na kazi ya kuyapaka rangi yanayostahili.

Reli ya Kajiado ni ya mita moja kamili, na hapo hesabu inabadilika. Ikiwekwa juu ya njia ya milimita 16.5 kwa skeli ileile, itakuwa pana kupita kiasi kwa karibu nusu. Zipo njia mbili za kurekebisha. Ya kwanza ni kubaki na 1:87 na kutumia njia ya milimita 12, ambayo si rahisi kuipata. Ya pili ni kubaki na milimita 16.5 na kubadili skeli iwe 1:60. Hapo geji inasimamia milimita 990, kasoro 10 tu. Gharama yake ni kwamba mitambo ya chini itanunuliwa, lakini mabehewa, majengo na watu vitatengenezwa kwa mkono.

Sasa tutazame nafasi. Karatasi moja ya plaiwudi ni futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122. Kwa 1:60, urefu huo ni mita 146 tu za ardhi. Injini ya mvuke nambari 5918, Mount Gelai, iliyohifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi, ina urefu wa karibu mita 32. Mezani ingechukua zaidi ya nusu mita. Njia nzima ya Konza hadi Magadi, karibu kilomita 150, ingehitaji kilomita mbili na nusu.

Mwinuko ni mgumu zaidi. Treni ndogo hupanda vizuri sentimita 2 kwa kila mita. Hata kwa 1:87, njia moja kuvuka juu ya nyingine huhitaji kimo cha takriban sentimita 8, yaani mita 4 za kupanda na mita 4 za kushuka. Mzunguko mkubwa kabisa unaoenea kwenye karatasi moja ya plaiwudi haufiki mita 7.

Kisha kuna ardhi yenyewe. Udongo mweusi wa Kitengela huvimba ukilowa na hupasuka ukikauka, na utafanya hivyohivyo ukimwagiwa gundi nyeupe iliyochanganywa na maji. Kwa 1:60, ufa wa milimita 1 unasimamia sentimita 6, sawa na nyufa za kiangazi tunazoziona mbugani. Ufa wa milimita 5 unakuwa mtaro. Kwa hiyo ubao hupakwa kwanza rangi ya udongo, kisha udongo mkavu huchekechwa kwa chujio la chai, tabaka jembamba. Kabla ya hapo, sumaku hupitishwa juu yake, kwa kuwa chembe za chuma huingia katika mota na kuiharibu. Mgunga wa mita 8 utakuwa na sentimita 13, na kijiti chenye matawi yaliyotandaa hutosha kuwa shina lake.

Tukiyaweka haya pamoja, uamuzi wa busara unaonekana. Ajenge kituo kimoja, Kajiado, kwa 1:60. Karatasi ile ya plaiwudi ipasuliwe kwa urefu, vipande viwili viunganishwe kufuata kuta: anapata karibu mita 4.9, ambazo ni mita 293 za kweli. Kituo hulazwa penye usawa, kwa hiyo tatizo la mwinuko linaondoka. Nafasi inatosha jukwaa, njia ya kupishania, mabehewa machache ya magadi na ng'ombe wakisubiri kuvuka. Anayejaribu kuingiza njia nzima chumbani hupata mzunguko usiofanana na mahali popote. Anayechagua kituo kimoja hupata Kajiado ambayo mwenyeji wake ataitambua.