Mashavu yamebonyea, tumbo limekua: Usitupe dawa

Na MWANDISHI WETU

Tuseme wewe ni mama wa miaka hamsini na kitu, na unauza nguo za mitumba sokoni Karatina. Umekuwa ukimeza dawa za kupunguza makali ya ukimwi tangu mwaka wa 2005. Hujakosa kwenda kliniki, na kwa miaka mingi hujalazwa hospitalini hata siku moja. Lakini kila ukijitazama kwenye kioo moyo unashtuka. Mashavu yameingia ndani. Mishipa ya mikono imetokeza kama ya mtu aliyebeba magunia maisha yake yote. Makalio yamekwisha hata sketi haishiki kiunoni, ilhali tumbo ni kama la mama mjamzito. Ukipanda mizani, uzito ni ule ule wa mwaka jana, na muuguzi anakuambia uko sawa.

Wateja wanakutazama kwa jicho la pembeni. Wewe mwenyewe umeanza kujiuliza kama dawa zimeshindwa, na jirani amekunong'onezea kwamba afadhali uziache upumzishe mwili.

Usiziache. Kinachokusumbua kina jina, nacho ni lipodistrofi, yaani mafuta ya mwili kuvurugika. Mafuta hutoweka mahali yanapohitajika, hasa usoni, mikononi, miguuni na kwenye makalio, kisha yakarundikana yasipotakiwa: tumboni, kwenye matiti, na wakati mwingine nyuma ya shingo, yakafanya nundu. Si ukimwi uliorudi. Si kurogwa. Virusi vyaweza kuwa vimetulia kabisa katika damu huku umbo likiendelea kubadilika.

Kuna njia ya kutofautisha hali hii na kukonda kwa ugonjwa. Mtu anayekondeshwa na kifua kikuu, au na virusi vilivyoshinda dawa, hupungua mwili mzima na mizani huonyesha hivyo. Mara nyingi ana homa, kikohozi, jasho la usiku au tumbo la kuhara. Mwenye lipodistrofi hupungua huku akiongezeka kule. Hata hivyo usijitibu kwa kusoma gazeti. Ukiona unakonda, pimwa kwanza kiasi cha virusi, na upimwe kifua kikuu.

Habari za hali hii zilianza kuandikwa kwa kina mwaka wa 1998, wakati Dkt Andrew Carr na wenzake wa mjini Sydney, Australia, walipoeleza jinsi wagonjwa wao walivyokuwa wakipoteza mafuta ya miguu na uso huku sukari na mafuta ya damu yakipanda. Hapo mwanzo lawama zote zilielekezwa kwa aina moja ya dawa mpya za wakati huo. Uchunguzi ulipoendelea, ilidhihirika kwamba kwa kukondesha uso na viungo, mkosaji mkubwa alikuwa dawa nyingine, stavudini. Zidovudini pia ilihusika, ingawa si kwa kiwango hicho.

Stavudini ni dawa ambayo wakazi wengi wa Nyeri, Nanyuki, Embu na Meru waliotibiwa miaka hiyo wanaijua, hata kama jina hilo ni geni kwao. Ilikuwa ndani ya tembe iliyoitwa Triomune kutoka kampuni ya Cipla ya India, pamoja na lamivudini na nevirapini. Tembe moja asubuhi, moja jioni, basi. Sheria ya mali ya ubunifu ya mwaka wa 2001 ilifungua mlango wa kuingiza nchini dawa za bei nafuu za aina hiyo, na mwaka wa 2006 Rais Mwai Kibaki, mzaliwa wa Othaya hapa Nyeri, akatangaza kwamba dawa hizi zingetolewa bila malipo katika hospitali za umma.

Ndani ya kila seli ya mwili wako mna viwanda vidogo vya kutengeneza nguvu, viitwavyo maitokondria. Viwanda hivyo vina jeni zake vyenyewe, ambazo hunakiliwa kila mara. Stavudini huviziba virusi visijinakili, lakini humzuia pia fundi anayenakili jeni za viwanda hivyo. Seli ya mafuta ikikosa nguvu hunywea na kufa. Mishipa ya fahamu nayo huumia, na ndiyo maana wengi waliotumia dawa hii walihisi nyayo zikiwaka moto au zikifa ganzi usiku.

Kipimo nacho kilichangia. Aliyekuwa na uzito wa chini ya kilo 60 alipewa miligramu 30 kila mara. Aliyefikisha kilo hizo alipewa 40. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri mwaka wa 2007 kwamba watu wazima wote wapewe 30, bila kujali uzito. Mwishoni mwa 2009 likasema mataifa yaanze kuachana nayo, na mwongozo wa Kenya wa mwaka wa 2011 ukazitanguliza tenofoviri na zidovudini.

Huenda ukauliza kwa nini tulipewa dawa ambayo nchi tajiri zilikuwa zinaiacha. Jibu ni kwamba ilikuwa rahisi kwa bei, haikuhitaji friji, na haikumlazimu daktari kupima damu mara kwa mara kama zidovudini, ambayo yaweza kupunguza damu mwilini. Kwa maoni yangu, uamuzi wenyewe haukuwa mbaya. Wakati huo chaguo halikuwa kati ya stavudini na dawa bora, bali kati ya stavudini na jeneza. Ninacholaumu ni ukimya. Mtu akiambiwa mapema kwamba mashavu yaweza kubonyea, hatadhani anakufa siku yatakapobonyea.

Ukimya huo ulikuwa mzito zaidi huku kwetu, ambako mtu akinona husemwa mambo yake ni mazuri. Katika miaka ya tisini uso uliokonda ulikuwa hukumu tosha, na watu hawakungoja matokeo ya maabara. Basi fikiria aliyeokolewa na dawa, kisha dawa hiyo hiyo ikamrudishia ule uso aliokuwa akiukimbia. Wapo wanaoacha tembe kwa sababu hiyo tu. Wakiacha, virusi huamka upya, na akitumia leo akaacha kesho vyaweza kuwa sugu.

Je, mafuta yaliyopotea hurudi? Hurudi, lakini kwa mwendo wa kinyonga. Watafiti wa Australia na Uingereza waliwachunguza watu 111 waliokuwa na tatizo hili, na baadhi yao wakaondolewa stavudini au zidovudini na kupewa abakaviri. Baada ya majuma 24, mafuta ya mikono na miguu yalikuwa yameongezeka kwa chini ya nusu kilo. Mashine iliyaona, lakini kwa macho tofauti ilikuwa vigumu kuonekana. Baada ya miaka miwili yalikuwa yamepita kilo moja. Kwa hivyo kama ulibadilishiwa dawa zamani na uso haujajaa, hiyo si ajabu, wala si ishara kwamba dawa ya sasa ni mbovu.

Kitambi ni jambo jingine, na hapa habari njema zinatoka karibu. Nchini Rwanda, Eugene Mutimura na wenzake waliwagawa katika makundi mawili watu wapatao 100 waliokuwa wakitumia dawa hizi na ambao mafuta yao yalikuwa yamevurugika. Kundi moja lilifanya mazoezi kwa miezi sita. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2008 yalionyesha kiuno chao kimepungua na hali ya sukari na mafuta ya damu ikawa nafuu. Mkazi wa Nyeri hana haja ya kulipia mazoezi. Kupanda kwa miguu kutoka bonde la mto Chania hadi mjini kunatosha kumtoa mtu jasho.

Usichofanya ni kununua tembe za kunenepesha zinazouzwa kichinichini. Baadhi yake zina steroidi, ambazo hufurisha uso na tumbo, hukondesha mikono na kupandisha sukari. Utakuwa umelipia ugonjwa ule ule unaoukimbia.

Waliobadilishiwa dawa wakapewa dolutegraviri, ambayo ilianza kutumika nchini mwaka wa 2017, huja na swali la kinyume: mbona nanenepa? Katika utafiti wa ADVANCE uliofanywa Johannesburg na kuchapishwa mwaka wa 2019, wanawake waliotumia dawa hiyo pamoja na tenofoviri ya kawaida waliongezeka wastani wa kilo 3.2 katika majuma 48, dhidi ya kilo 1.7 kwa waliotumia dawa ya zamani ya efavirenzi. Unene huu kwa kawaida huenea mwili mzima, kwa hivyo si lipodistrofi. Sehemu yake ni mwili unaojirudishia ulichopoteza. Lakini mafuta yakizidi tumboni, yaweza kuleta kisukari na shinikizo la damu.

Nawe unayejidunga insulini, usidhani haya hayakuhusu. Ukidunga mahali pale pale kila siku, mafuta huvimba chini ya ngozi yakawa uvimbe. Insulini ikiingia hapo hufyonzwa bila mpango, leo sukari inapanda, kesho inashuka ghafla. Badilisha mahali kila unapodunga, na usitumie sindano moja kwa siku nyingi.

Kabla ya kwenda kliniki mwezi ujao, chukua utepe wa fundi cherehani. Pima kiuno kwenye usawa wa kitovu, pima makalio, pima paja na mkono wa juu. Mwambie daktari ni dawa gani ulizowahi kutumia na tangu lini, na uulize kama ni wakati wa kupimwa sukari na mafuta ya damu. Vipimo hivyo viandike kwenye daftari lako la kliniki, pamoja na tarehe, ili mara nyingine daktari awe na cha kulinganisha.