Kanisa likisema, Bunge husikia. Na vijana je?

KILA mwisho wa mwezi mimi hupanda matatu mjini Kitale kwenda nyumbani Bungoma. Ukipita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu kabla ya kufika Webuye, utahesabu mabango ya makanisa mpaka uchoke: Katoliki, Friends, Anglikana, Jeshi la Wokovu, Wasabato, Wapentekoste wa kila jina. Redio ya matatu nayo asubuhi huwa na mhubiri, mchana wanasiasa. Ukisikiliza vizuri utagundua kwamba hawa wawili mara nyingi wanazungumzia mambo yaleyale: mimba, ndoa, na kile ambacho kijana anafaa kufundishwa kuhusu mwili wake.

Kijana wa huku hawezi kujifanya kwamba stori hii haimhusu. Maspika wawili wa Bunge la Kenya wametoka Bungoma. Kenneth Lusaka alikuwa Spika wa Seneti kuanzia 2017 hadi 2022, kabla ya kurudi nyumbani kuwa gavana. Mwaka huohuo wa 2022, Moses Wetang'ula, aliyekuwa seneta wetu, akawa Spika wa Bunge la Kitaifa. Miswada iliyowakosesha viongozi wa dini usingizi imepita mikononi mwao.

Mwanzo ulikuwa 2010

Wengi wetu tulikuwa watoto Wakenya walipopiga kura ya maamuzi Agosti 4, 2010. Kijani ilikuwa Ndiyo, nyekundu ikawa Hapana. Makanisa mengi makubwa yaliongoza kambi ya nyekundu, pamoja na William Ruto, ambaye leo ni Rais. Malalamishi makuu ya makanisa yalikuwa mawili: mahakama za Kadhi, na kipengele kuhusu uavyaji mimba.

Ndiyo ilishinda kwa takriban asilimia 67. Mkoa wa Magharibi, iliyokuwamo Bungoma, uliunga mkono kwa wingi. Bonde la Ufa, iliyokuwamo Kitale, ulikataa. Kwa hivyo katika safari yangu ya kila mwezi navuka mpaka wa mikoa miwili iliyojibu swali moja kwa njia tofauti.

Hata hivyo, wahafidhina hawakutoka mikono mitupu. Kifungu cha 26 cha Katiba kinasema maisha ya mtu huanza mimba inapotungwa, na kwamba uavyaji mimba hauruhusiwi, isipokuwa mhudumu wa afya aliyehitimu aone kuna dharura au maisha au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine iruhusu. Kifungu cha 45 nacho kinazungumzia haki ya mtu mzima kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti. Makanisa yalishindwa kura, lakini sehemu ya imani yao imo ndani ya Katiba.

Miswada iliyokwama

Tangu hapo, ukitaka kuona nguvu ya dini Bungeni, usitazame tu sheria zilizopita. Tazama pia zilizokwama. Mwaka wa 2014, Seneta Maalum Judith Sijeny alileta mswada wa afya ya uzazi uliogusia vijana kupata huduma za kupanga uzazi. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa, na mswada haukuwa sheria. Mwaka wa 2019 Susan Kihika, aliyekuwa Seneta wa Nakuru, akaleta mwingine. Maaskofu Wakatoliki waliupinga vikali, wakisema ungefungua mlango wa uavyaji mimba na kuwaondolea wazazi mamlaka juu ya watoto wao. Nao pia haukuwa sheria.

Baadaye, Februari 2023, Mahakama ya Juu ilisema, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba shirika la kutetea wapenzi wa jinsia moja lina haki ya kusajiliwa. Hukumu hiyo haikugusa sheria ya jinai, ambayo bado inaadhibu vitendo hivyo kwa kifungo cha hadi miaka 14. Hata hivyo, maaskofu na maimamu waliopingana kuhusu Kadhi mwaka wa 2010 sasa walikuwa upande mmoja. Naye Mbunge wa Homa Bay Town, Peter Kaluma, akaandaa Mswada wa Kulinda Familia na kumwandikia Spika, yaani Wetang'ula.

Lakini si kila mara kanisa hushinda. Sheria ya Ndoa ya 2014 ilipojadiliwa, wabunge wanaume waliondoa sharti la mke wa kwanza kuhusishwa mume anapotaka kuongeza mke. Wabunge wanawake walitoka nje kwa hasira. Baraza la Makanisa, NCCK, lilipinga pia. Rais Uhuru Kenyatta akatia saini. Siku hiyo wahafidhina wa mila waliwashinda wahafidhina wa kanisa, na wengi wao pengine walikaa benchi moja Jumapili iliyofuata.

Hapa Bungoma mvutano huo ni wa zamani. Elijah Masinde wa Kimilili alikuwa muumini wa Friends kabla ya kutengwa kwa kuoa mke wa pili. Akaanzisha Dini ya Msambwa, ambayo serikali ya mkoloni iliipiga marufuku 1948, na serikali ya Kenya huru ikafanya vivyo hivyo 1968. Babu zetu walijua mapema kwamba swali la nani anaoa vipi linaweza kuanzia kanisani na kuishia kwa polisi.

Kukhu ana hoja

Kukhu wangu ni mama wa Friends. Ukimuuliza mbona kanisa linaingilia Bunge, atakuuliza kwanza kama umekula. Kisha atakwambia kwamba sheria yoyote hubeba maadili ya mtu fulani, hivyo si haki ya muumini pekee kuambiwa aache yake mlangoni. Ataongeza kwamba mambo mengi haya huletwa na wafadhili wa ng'ambo ambao hawatakuwepo mtoto akiharibikiwa. Mzazi ndiye atabaki naye.

Nimejaribu kubishana naye, na nakiri hoja hiyo si nyepesi. Katiba inasema hakuna dini ya serikali, lakini Kifungu cha 32 kinampa Kukhu uhuru wa kuamini na kutenda kwa imani yake. Kura yake ni sawa na ya profesa. Anayemcheka kwa sababu anashika Biblia hajajibu alichosema.

Ila mimi pia nina jambo ambalo halijanitoka moyoni. Nikiwa Kidato cha Pili, rafiki yangu tuliyeimba naye kwaya alipata mimba. Jumapili iliyofuata jina lake lilikuwa limeondolewa kwenye orodha ya kwaya. Kijana aliyempa mimba aliendelea kupiga kinanda. Hakuna aliyetufundisha lolote kabla, na baada ya hapo tuliambiwa tu tumwombee. Hakurudi shuleni, ingawa sera ya kuwaruhusu wasichana warudi baada ya kujifungua imekuwepo tangu 1994, na mwongozo wake ukatolewa upya 2020.

Hayuko peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wamewahi kupata mimba. Pokot Magharibi, jirani wa Kitale kabisa, ilikuwa asilimia 36. Ukitoka Kitale kwa matatu, huchukui muda kufika Kapenguria.

Basi swali langu kwa Kukhu, kwa askofu na kwa mbunge ni moja. Mkishaangusha mswada, mnaweka nini mahali pake? Kusema hapana ni haki yenu. Lakini msichana wa kwaya hakuhitaji mswada tu uanguke. Alihitaji mtu mzima mmoja wa kuzungumza naye ukweli kabla, na mlango wazi wa shule na wa kanisa baadaye. Kanisa linalosema uhai huanza tumboni lina deni kwa yule aliyeubeba.

Kukhu aliponisikia hivyo alinyamaza kidogo. Kisha akauliza yule msichana yuko wapi siku hizi. Nilimwambia anauza nguo za mtumba sokoni Chwele. Akasema nimlete nyumbani tukija Desemba.

Sasa wewe ufanye nini?

Usiishie kubishana TikTok. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge lihusishe wananchi, na kamati hutangaza magazetini na mitandaoni zinapotaka maoni ya watu kuhusu mswada. Makanisa huandika memoranda zao mapema, yakaja na waumini. Sisi vijana mara nyingi hufika baada ya kura kupigwa. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni, na huhitaji kuwa wakili.

Usisahau kaunti pia. Zahanati ziko chini ya serikali za kaunti, kwa hivyo kama kuna chumba ambacho kijana anaweza kuongea na muuguzi bila kukutana na shangazi yake kwenye foleni, hilo linaamuliwa katika bajeti inayopitishwa Bungoma na Kitale, si Nairobi. MCA wako unamjua. Pengine mnasali pamoja.

Na kama wewe ni mhafidhina, sawa, nenda useme hivyo, lakini nenda na jibu la msichana wa kwaya. Kama si mhafidhina, nenda pia, ila kwanza pitia kwa Kukhu umsikilize. Chai iko, na hatakufukuza.