Kiesperanto: Lugha Isiyo na Taifa na Wenye Maneno Yake

Kila unapozuka mjadala juu ya istilahi mpya, swali moja hujitokeza: ni nani mwenye haki ya kuliidhinisha neno? Katika makala haya tunakusudia kulitazama swali hilo kwa kuieleza lugha ambayo maneno yake ya kwanza yalitungwa na mtu mmoja, nayo ni Kiesperanto.

Mtungaji wake, Ludwik Lejzer Zamenhof, alizaliwa mwaka 1859 katika mji wa Białystok, ambao wakati huo ulikuwa chini ya dola ya Urusi na leo umo nchini Polandi. Mjini humo waliishi Wayahudi, Wapolandi, Warusi, Wajerumani na Wabelarusi, na aghalabu kila kundi lilimtazama jirani yake kwa jicho la shaka. Zamenhof, Myahudi aliyekuja kuwa tabibu wa macho, aliamini tangu ujana wake kwamba sehemu kubwa ya uhasama huo ilitokana na watu kukosa lugha ya kuelewana. Kwa maoni yetu imani hiyo ilizidi kiasi, kwani wako waliochinjana huku wakisema lugha moja. Hata hivyo, ndiyo iliyomtia bidii. Mwezi Julai 1887 alichapisha mjini Warsaw kijitabu cha Kirusi kilichoeleza lugha yenye kanuni 16 za sarufi na mizizi ipatayo 900. Hakutumia jina lake, bali alijiita Doktoro Esperanto, yaani Daktari Anayetumaini. Jina hilo la kujificha ndilo lililokuja kuwa jina la lugha.

Yafaa tutue kidogo kwenye uundaji wa maneno, maana hapo ndipo penye nguvu ya lugha hii. Nomino zote huishia kwa -o, vivumishi kwa -a, vielezi kwa -e. Tuchukue mzizi san-, wenye maana ya afya. Kutokana nao hupatikana 'sana' (mwenye afya, msomaji asilichanganye na 'sana' yetu). Ukitanguliza kiambishi mal-, ambacho hugeuza maana kuwa kinyume chake, unapata 'malsana', yaani -gonjwa. Ukiongeza -ul-, cha mtu, unapata 'malsanulo', mtu mgonjwa. Ukiongeza tena -ej-, cha mahali, unapata 'malsanulejo', hospitali. Msemaji wa Kiswahili hatashangazwa na jambo hilo, kwa sababu naye hutoa mkulima, kilimo na limisha katika mzizi mmoja. Tofauti ni kwamba katika Kiesperanto kiambishi hukubalika popote maana inaporuhusu, bila kungoja mazoea.

Lakini hata utaratibu ulionyooka namna hiyo haukuwafunga wasemaji. Washairi walichoshwa na mal- iliyojirudia kila mahali, wakaleta 'kurta' (-fupi) kando ya 'mallonga'. Nayo 'hospitalo' hutumika sambamba na 'malsanulejo'. Mtungaji wa maneno hupendekeza. Midomo ya watu ndiyo huchagua.

Inaelekea Zamenhof aliling'amua jambo hilo mapema. Katika kijitabu chake cha kwanza alitamka kwamba lugha ya kimataifa, kama lugha yoyote ya taifa, ni mali ya wote, naye akaziacha haki zake. Mwaka 1894 aliwapigisha kura wasomaji wa gazeti la lugha hiyo juu ya mageuzi, na wengi wakayakataa. Kisha mwaka 1905, katika mkutano wa Boulogne-sur-Mer nchini Ufaransa uliohudhuriwa na watu karibu 700, kitabu kiitwacho Fundamento de Esperanto kilikubaliwa kuwa msingi ambao hakuna mtu, hata mwanzilishi mwenyewe, aliyeruhusiwa kuubadili.

Mtihani haukukawia. Mwaka 1907 kamati iliyokutana Paris ilipendekeza lugha iliyorekebishwa, ambayo baadaye iliitwa Ido, yaani mzawa. Iliziondoa herufi zenye alama juu na kulegeza kanuni ya kuweka -n kwenye yambwa. Tukiupima kwa kalamu na karatasi, baadhi ya urekebishaji huo ulikuwa na busara. Viongozi kadhaa waliihama Kiesperanto, lakini wasemaji walio wengi walibaki na lugha waliyokwisha kuandikiana barua na kuimbia nyimbo.

Madola yalikuwa na hofu ya namna nyingine. Baada ya mwaka 1920 wajumbe wa nchi kadhaa, zikiwamo China na Uajemi, walitaka Shirikisho la Mataifa liunge mkono mafunzo ya lugha hiyo. Ufaransa ilipinga vikali, na mwaka 1922 ikapiga marufuku kufundishwa kwake katika shule za serikali. Wanazi walivifunga vyama vyake mwaka 1936. Watoto wote watatu wa Zamenhof waliuawa chini ya utawala wao, Adam mwaka 1940, Zofia na Lidia mwaka 1942. Huko Urusi ya Kisovieti nako, miaka ya 1937 na 1938, wasemaji wengi walikamatwa, na baadhi yao kuuawa, kwa kuwa waliandikiana na watu wa nje.

Je, ni lugha ya kimataifa kweli? Mizizi yake mingi imetoka Ulaya, hasa katika Kilatini na lugha zilizozaliwa nacho, hivyo Mtaliano huanza safari akiwa amekwisha kufika nusu ya njia, ilhali Mjapani na Mtanzania huanzia mlangoni. Lawama hiyo ni ya haki. Lakini wote hukutana katika lugha ambayo karibu kila mtu amejifunza, na mgeni hasahihishwi na mwenyeji. UNESCO ilitambua mafanikio yake kwa azimio la Montevideo mwaka 1954. Mkutano wake mkuu wa dunia ulifanyika Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2024, mjini Arusha.

Kiesperanto kina Akademia inayotoa orodha za maneno rasmi, lakini haina askari wala shule za kuyalazimisha. Mashine za kompyuta zilipoenea, majina kadhaa yalishindana, 'komputero' na 'komputoro' yakiwamo. Lililoshinda ni 'komputilo', linalotokana na kitenzi 'komputi' na kiambishi -il- cha chombo. Kwetu yalipendekezwa 'ngamizi' na 'tarakilishi'. La pili limepata makazi katika shule na vitabu vya Kenya, na Tanzania wasemaji walio wengi wangali wakisema kompyuta.